Hukumu Chini ya Mguu wa Meza

Niinulieni mto, wanangu, kisha nyamazeni, maana pumzi niliyobaki nayo sitaki kuigawia kelele. Cherehani changu kimwendee dada yenu. Nyumba ni yenu nyote, na atakayetaka kuuza chumba chake awaulize wenzake kwanza. Hayo ni madogo. Kubwa ni marehemu kaka yenu.

Mnajua alishtakiwa kuiba majora ya vitambaa ghalani kwa tajiri wake, akaachiwa, na mtaa ukasema amehonga. Baba yenu mdogo, aliyesoma mpaka akasahau salamu, hakuja hata kumzika. Alituma neno: mwizi hazikwi na ukoo. Nilipomfuata akacheka. "Shemeji, kuachiwa si kusafishwa. Lete hukumu niisome."

Nikaenda masjala ya mahakama, wanakotunza mafaili. Kuishi kwingi ni kuona mengi. Hukumu ilisomwa milango wazi, ni ya kila mwenye macho, lakini karani aliilinda kama aliyeitunga yeye. "Faili halionekani, mama. Njoo kesho." Kesho yake, huku anatafuna: "Wewe tena? Lugha ya sheria nzito, utaelewa nini?" Nikamjibu, "Nimemzaa anayesemwa humo, maneno ndiyo yanishinde?" Wakanibandika jina, Mama Kesho, nami nikarudi kila kesho waliyonipa.

Siku moja aliegemea meza aniambie uongo wake wa kawaida, meza ikayumba, akainama kusukuma kitu chini ya mguu wa meza. Nikainama naye. Lilikuwa faili limekunjwa, jina la mwanangu limetazama juu. Haki ya mwanangu ilikuwa inazuia chai ya karani isimwagike! Nilisema tu, "Litoe, baba. Nakala yangu naisubiri hapa hapa." Alifuta vumbi kwa kiganja, wala hakuona haya. Haya nayo huwa na wenyewe.

Humo imeandikwa kwamba majora yote yalikutwa ghala la pili la tajiri huyo huyo, na mtunza ghala wake alikiri kuyahamishia huko. Hapakuwa na wizi, wanangu. Hapakuwa.

Baba yenu mdogo sikumpelekea. Angeisoma peke yake, akaifungia kabatini, akawa karani wa pili. Penye wengi hapaharibiki neno. Siku ya kunizika atasimama kusemea ukoo, maana kaburi la mwenzake ndilo jukwaa lake. Mpeni hukumu mbele ya watu wote, mwambieni, "Baba mdogo, mama amekuachia hii." Aisome yote, kwa sauti, asiruke mstari.

Kisha itunzeni. Atakayebisha hodi akitaka kuisoma, hata awe aliyemtukana kaka yenu, mpeni kiti... asiambiwe njoo kesho.

Nilazeni ubavuni kwa kaka yenu. Mungu awafungulie kila mlango mtakaougonga kwa haki, awape... maji kidogo... awape vizazi visivyoinamisha uso.

Baba yenu mdogo atasema amesahau miwani. Namjua. Yangu iko hapa, chini ya mto... mpeni.