Mwalimu Joab na Onyo Lililokuwa Langu

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha wanafunzi wasioona, Mwalimu Joab Koskei anastaafu tarehe 30 Juni, 2025. Alianzia shule ya Mulot, kisha akaja kwetu Silibwet, kwenye kitengo cha wasioona, na hapa ndipo mvi zilipomkuta.

Walimu wageni alitupokea kwa kitambaa. Alitufunga macho, akatuwekea karatasi ya breli, nasi tukapapasa nukta zake kwa vidole hadi jasho likatutoka. Siku moja alijifunga yeye mwenyewe atuonyeshe jinsi ya kumimina chai, akaimimina yote kwenye tai yake. Tulicheka hadi kengele ikalia. Kila Alhamisi walimu wa Kapkatet nao walikuja kujifunza, na leo wengi wao wanafundisha wenzao.

Mimi sikujifunza vizuri. Niliendelea kusoma breli kwa macho, na naona haya kuandika hivi. Mwaka 2019 kabati lilijaa, nikalaza karatasi za mtihani chini ya rundo la vitabu wikendi nzima. Nukta zikabonyea. Kwa macho bado zilionekana. Kwa vidole hazikuwepo. Cheptoo wa darasa la sita aliposema hakuna maandishi, nilimwita mvivu mbele ya wenzake, maana mimi niliyaona.

Wazazi walilalamika. Mwalimu Joab alipitisha kidole kwenye karatasi moja tu, akajua. Kwenye kikao mwalimu mkuu aliuliza nani alizitunza, nami nikatazama viatu vyangu. Joab akasema karatasi zote za kitengo ni jukumu lake. Akaandikiwa barua ya onyo. Mwaka uliofuata, kwa sababu ya barua hiyo, alinyimwa uongozi wa kitengo, nikapewa mimi. Akanifundisha hata kazi hiyo, bila kinyongo.

Juzi nilimpigia Cheptoo simu kumwomba radhi. Akauliza kama Mwalimu Joab alijua ni mimi. Nikamwambia alijua tangu siku ya kwanza.

Jana nilimwandikia mwalimu mkuu, nikaomba onyo lile litolewe kwenye faili ya Joab na kuwekwa kwenye yangu. Nimechelewa miaka sita.

Asante sana, Mwalimu. Ng'ombe wako na majani yako ya chai yakupe kazi ya kutosha, na Mungu akujalie afya. Unaondoka na jina safi. Lilikuwa safi siku zote, na mimi nilijua.

Dorcus Oyoo
Msimamizi wa Kitengo