Aimé Vayssade na Baiskeli Iliyopinduliwa Darajani

Ndugu, jamaa, majirani wa Roquemaille, na ninyi mliofika kwa baiskeli mkaziegemeza kwenye ukuta wa makaburi ingawa padri alishakataza, poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Mimi ni Huguette, dada wa pekee wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kusoma historia yake kwa sababu nimemjua kuliko mtu yeyote aliye hai, na kwa sababu wengine wote wamesema watashindwa kwa kulia. Huenda nami nikalia, lakini nitasoma.

Marehemu Aimé Vayssade alizaliwa tarehe 3 Machi 1949 hapa hapa Roquemaille, katika nyumba iliyo chini ya lango la kale, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa mzee Fernand Vayssade, mkulima wa mizabibu, na mama Noémie. Alianza shule ya kijiji mwaka 1955, ambako mwalimu alimsifu kwa hesabu na kumlalamikia kwa kuchungulia dirishani, na mwaka 1960 akajiunga na sekondari ya Bagnols, akienda na kurudi kwa baiskeli ya baba kando ya mto Cèze, miguu yake ikifikia pedali kwa shida, mpaka akazijua kona zote za bonde hili, madaraja yake yote na mbwa wake wote kwa majina.

Mwaka 1967 alikwenda Alès kujifunza ufundi wa baiskeli, akarudi mwaka 1974 na kufungua karakana katika zizi la zamani la baba, na kuanzia mwaka 1979 akawa anawaongoza watalii kwa baiskeli, kutoka Mas-Ferrand huko juu, kijiji baada ya kijiji, ngome baada ya ngome, mpaka hapa kwetu, mimi nikifuata nyuma na gari la mizigo, mikate, jibini la mbuzi na mvinyo. Watu walimcheka, wakamuuliza ni mjinga gani atakayelipa ili apande mlima kwa miguu yake mwenyewe, naye akawajibu, "Halipi kupanda, analipa kushuka." Kwenye msafara wake palikuwa na sheria moja isiyojadiliwa, aliyoirithi kwa waendesha baiskeli wa zamani wa bonde hili, nayo ni kwamba baiskeli ikiwekwa njiani miguu juu, yaani kiti na usukani chini, magurudumu angani, hapiti mtu, awe mgeni, awe bosi, awe padri, na aliyeipindua ndiye anayeisimamisha, au mtu wa damu yake ikiwa mwenyewe hawezi tena.

Tarehe 5 Juni 1976 alifunga ndoa katika kanisa hili na Josette Roumégous wa Mas-Ferrand, aliyetutangulia mwaka 1994, na Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Blandine, aliyezaliwa tarehe 18 Aprili 1981, huyu aliyekaa benchi la mbele. Wengi wenu mnakumbuka jinsi Aimé alivyomfundisha baiskeli hapo nje uwanjani, maana hakumshika kiti kama wazazi wengine wala hakumpigia kelele, alichuchumaa tu karibu na chemchemi akamtazama usoni, basi, na mtoto akaja moja kwa moja, akiyumba, akitetemeka, mpaka akamgonga baba yake kifuani wakaanguka wote wawili.

Sasa nafika Jumamosi ya tarehe 12 Septemba 1998, ambayo haimo katika karatasi niliyopewa, na anayetaka kunikatiza anajua nilivyo.

Siku hiyo anga la bonde lilikuwa safi na jua linachoma, ingawa huko milimani mvua ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri bila sisi kujua. Blandine, aliyekuwa na miaka kumi na saba, alitangulia na wageni sita wakavuka daraja la chini, lile la mawe lisilo na kingo, waende kuandaa mahali pa chakula cha mchana kwenye changarawe karibu na kinu cha zamani, naye Aimé akabaki upande huu pamoja nami, akimuungia cheni mgeni mmoja Mbelgiji, bwana Wouters, aliyeikata mlimani kwa ubishi wake wa kukataa kubadilisha gia. Aimé alipoinua macho aliona maji yamegeuka rangi ya kahawa na yanabeba majani mabichi ya milimani, akatupa spana chini, akasema, "Mto unakuja." Bwana Wouters akatazama juu, akacheka, "Mzee, hiyo mvua yako umeificha wapi?" Aimé alikuwa ameshakimbilia daraja, na ninyi mliomjua mnaelewa kwamba Aimé akiuacha utani upite, mambo yameharibika.

Ng'ambo, Blandine naye alikuwa ameshaona, akawakusanya wageni wake na kuamua kuwarudisha kwetu, maana maji juu ya daraja yalikuwa bado ya kifundo cha mguu, na upande wetu ndiko kulikokuwa na barabara, na gari, na baba. Mgeni angeona ni jambo la kuvua viatu na kuvuka, ila sisi wa mto huu tunajua kwamba maji ya kifundo huwa ya kiuno kabla hujafika katikati, na daraja lile halina pa kushika. Usalama wao ulikuwa nyuma yao, kwenye njia ya mbuzi inayopanda mpaka mnara uliobomoka, lakini mto ulikuwa unanguruma, sauti haivuki, na mtoto alikuwa ameshaweka baiskeli begani, ameshatia mguu mmoja majini, na watu sita wamepanga mstari nyuma yake.

Aimé alinyoosha mkono kuonyesha mnara, kisha akabeba baiskeli yake akaipindua kwenye mdomo wa daraja, magurudumu juu. Blandine akasimama, lakini mguu hakuutoa, tukamwona anatikisa kichwa, anaashiria kwa mkono kwamba watavuka upesi upesi, na maji yameshafika kwenye muundi. Hapo ndipo ndugu yangu alipogeuka, akampa mwanawe mgongo, akaanza kutembea kuja kwenye gari, polepole, kama mtu aliyemaliza shughuli zake. Nilimkimbilia mbele nikamshika shati, nikamwambia, "Aimé, wewe ni mzazi gani? Geuka umtazame mtoto!" Hakugeuka.

Blandine aliutazama mgongo ule, akautoa mguu majini, akawapandisha watu wake mlimani. Hawajafika nusu ya njia, mti mzima na mizizi yake ukapita juu ya daraja, pale pale alipokuwa amesimama, ukaondoka na baiskeli ya Aimé. Kesho yake zimamoto waliwashusha wote saba wakiwa wazima, na bwana Wouters, ambaye leo yuko pale karibu na nguzo, hajauliza tena habari ya mvua.

Kila mtu alimshukuru Aimé, isipokuwa mmoja. Blandine alimwambia mbele yangu, jikoni, "Kunizuia, sawa. Kunipa mgongo nikiwa ndani ya maji, hapana, baba." Aimé akaendelea kukata mkate. Mwaka uliofuata mtoto alihamia Lyon, akawa anapiga simu mwaka mpya na siku ya kuzaliwa, salamu, hali ya hewa, kwaheri. Baiskeli ilipatikana imenasa mtini chini ya kijiji, Aimé akainyoosha, akaipaka rangi, akatia magurudumu mapya, kisha akaiweka karakanani miguu juu, na kila tulipomwambia aisimamishe alisema bado.

Mwaka 2021 marehemu alianza kusumbuliwa na mapafu, na Januari mwaka huu wa 2024 alipozidiwa, Blandine alirudi nyumbani, akamwogesha, akamnywesha supu, wakaongea habari za matairi na mizabibu, na habari ya daraja hakuna aliyeigusa. Aliaga dunia Jumanne tarehe 14 Mei 2024 hospitalini, alasiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa mwanawe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotuletea kuni na chakula bila kuombwa, mafundi wenzake wa bonde zima, na wageni wa miaka yote waliotoka mbali.

Blandine, mwanangu, mimi nilikuwa mbele ya baba yako siku ile, wewe ulikuwa nyuma yake, kwa hiyo nina kitu ambacho huna. Nilipomwambia ageuke, machozi yalikuwa yanamwagika mpaka kwenye masharubu, amejiuma ngumi ya mkono wa kulia mpaka damu, naye akaniambia, "Nikimtazama atakuja, Huguette. Huyu tangu mdogo nikimtazama tu, anakuja." Nilimsihi akuambie, miaka yote hiyo nilimsihi, akakataa, akasema siku utakapojua kwamba mgongo ule ulikuwa wa uongo, siku nyingine kwenye maji hutauheshimu, na mto bado upo. Nikamwapia kwamba sitasema akiwa hai. Nilimwona mkaidi, na nilimpenda, na ameniumiza sana kwa siri hiyo.

Baiskeli ile ile wenzake wameiweka asubuhi hii mlangoni mwa kanisa, miguu juu, na jeneza halitapita mpaka isimamishwe. Aliyeipindua hawezi tena. Nenda, mwanangu, kaisimamishe, tutakungoja.

Aimé, ndugu yangu, maji yameshuka. Geuka sasa umtazame, kisha upumzike kwa amani.