Fundi Sikio na Gari la Kumi na Saba

Ndugu, jamaa, majirani na wateja wa gereji, mimi ni dada mkubwa wa marehemu, familia imenituma niwasomee maisha yake kwa ufupi, na mnaonijua mmeshaanza kutazamana kwa hilo neno ufupi, lakini leo nawaomba mnivumilie mpaka mstari wa mwisho, kwa sababu karatasi hii haitetemeki kwa uzee wangu wala kwa kilio peke yake, inatetemeka kwa hofu, na hofu yenyewe nitaifikia.

Marehemu alizaliwa siku ya Ijumaa tarehe 9 Juni 1961, katika chumba cha nyuma cha nyumba yetu, jirani na kiwanda cha matofali, akiwa mtoto wa nne na wa mwisho wa baba mchoma matofali na mama mfuaji wa nguo za watu, mimi nilikuwa na miaka saba, nikapewa nimpakate, nikasema huyu mbona masikio yametangulia uso haujaja, mama akanifinya mpaka leo pana alama.

Alianza shule ya msingi Januari 1969 na kumaliza Novemba 1975, mwalimu alimwandika mtoro, kumbe mwenzenu yuko nyuma ya ukuta wa shule amekaa anasikiliza mashine ya kusaga nafaka, na siku moja alimwambia mwenye mashine kwamba mkanda wako unakatika leo, akafukuzwa kama mchawi, na saa tisa mkanda ukakatika, mimi mwenyewe niliishia darasa la nne, kwa hiyo nikikwama mahali msinicheke.

Tarehe 3 Februari 1978 aliajiriwa kwenye gereji ya mzee mmoja aliyekuwa mlevi wa kutupwa lakini fundi kweli kweli, akakaa naye miaka kumi na moja, na tarehe 1 Mei 1989 akafungua gereji yake nyuma ya soko la mbao, ambako alikuwa anaweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini wake sikioni, anafumba macho, watu wote kimya, halafu anautaja ugonjwa, na hakuwa anakosea, ndipo mkampa jina la Sikio, jina la kuzaliwa likabaki kwenye vyeti.

Alifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1988 na wifi yangu huyu mnayemwona, ambaye alileta gerejini gari la mjomba wake mara tatu kwa wiki moja akisema linalia, gari zima kabisa, na bwana naye akawa anasikiliza nusu saa nzima kisicholia, wifi usinikodolee macho, nilikuwepo, na Mungu akawajalia watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 2 Machi 1990, ambaye ni mshonaji, na kijana aliyezaliwa tarehe 28 Agosti 1994, ambaye amefanya kazi na baba yake gerejini mpaka mwisho.

Sasa nafika kwenye ugonjwa, na hapa wengi mtashangaa, kwa sababu mnajua ugonjwa wa mwisho tu, wa kwanza hamuujui, nao ulianza Januari 2022, alipougua homa kali kwa wiki mbili, na asubuhi ya tarehe 21 aliamka homa imeondoka na sikio la kushoto limekufa, halisikii hata kengele, akaogopa kwamba fundi Sikio asiye na sikio hatapata mteja, akanyamaza, asimwambie hata mkewe, na wifi ambaye hulala upande wa kushoto akaja kwangu analia kwamba mume hamjibu tena usiku, lazima kuna mwanamke, nami Mungu anisamehe nilimsaidia kukisia ni nani, tukafikia majina manne, basi leo mbele ya watu nasema wifi, hakukuwa na mwanamke, na wale wanne wote wapo hapa, tutawaomba radhi.

Mwezi Julai 2023 gari lake mwenyewe, lile la kijani lenye umri wa miaka thelathini, likaanza kuguna, polepole lilikuwa kimya, likishika kasi linaguna kama ng'ombe anayetaka kuzaa, akalipima kama alivyozoea, alilipeleka mbio akatoa gia likaserereka lenyewe, mguno haukukatika, akasema basi si injini, akahamisha tairi za mbele kwenda nyuma, mguno ukabaki mbele, akasema si tairi, ni beringi, yaani ile pete ya chuma yenye gololi ndani inayolifanya gurudumu lizunguke bila kukwaruza, likabaki swali moja, ni ya kulia au ya kushoto, akakata usukani kulia, uzito ukalalia kushoto, mguno ukapanda, akakata kushoto, mguno ukashuka, na kila fundi aliyepo hapa anajua jibu ni kushoto, hata kichwa chake kilijua, lakini mwenye sikio moja sauti zote humjia upande huo huo, sikio la kulia likamwambia ni kulia, naye akaacha kichwa akafuata sikio, maana ndilo lililompa jina, akabadilisha beringi ya kulia, gari likaguna, akasema spea ni mbovu, akabadilisha tena, likaguna zaidi.

Tarehe 12 Agosti 2023, siku ya Jumamosi, saa tatu asubuhi, alimpeleka binti yake kliniki akiwa na mimba ya miezi minane na nusu, binti amekaa mbele upande wa abiria, mimi nyuma yake, na tulipoanza ule mteremko mrefu wa kwenda mtoni gari likawa haliguni tena, linanguruma, sakafu inatetemeka chini ya miguu ya binti, akasema, "Baba, mguu wangu unakufa ganzi," baba kimya, nikasikia harufu ya chuma kinachoungua, nikaita, "Sikio, simama," kimya, nikapiga kelele, "Simama, unatuua na huyu ambaye hata hajazaliwa," naye anaendesha tu, dirisha la upande wake liko wazi upepo unampiga sikio la kulia, anatazama mbele kama vile hatupo, na hapo nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani, nikadhani ndugu yangu amepandwa na kitu, nikamkamata kola ya shati nikavuta, ndipo akageuka, akaona midomo yangu, akakanyaga breki.

Alipiga jeki upande wa kushoto kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kuhamisha tairi, akalishika gurudumu juu na chini akalitikisa, likacheza kama jino la mtoto linalotaka kung'oka, akakaa chini kwenye vumbi na suruali yake safi, akaniambia, "Dada, sikio la kushoto limekufa tangu mwaka jana, nakuomba usimwambie mtu," na mimi, mimi huyu, nikaapa, dereva wa lori la saruji aliyekuwa anapita akamchukua binti mpaka kliniki, mtoto akazaliwa salama tarehe 21, na huyo hapo amelala begani kwa mama yake.

Jumatatu beringi ilitolewa, imeungua imekuwa ya buluu, gololi zake zimechubuka, ikawekwa mpya, tukalizungusha gari mtaani likawa kimya kabisa, nikapiga makofi, yeye hakucheka, aliniuliza, "Dada, mangapi mengine?" na swali hilo hakupata tena usingizi nalo, akaandika kwenye daftari magari yote yaliyomjia yanaguna tangu homa ile, yale aliyoyasikiliza peke yake akainua upande mmoja tu, yakafika kumi na saba, akayaita moja baada ya jingine akisema anawakagulia wateja wa zamani bure, mkamsifu kwa ukarimu, kumbe mtu anahesabu makosa yake, yakapatikana kumi na sita, na matano kati ya hayo gurudumu la kushoto lilikuwa linangoja siku yake.

La kumi na saba lilikuwa gari dogo jeupe la mizigo lenye mlango wa nyuma wa buluu, aliyelileta alishaliuza na mnunuzi hajulikani, akalitafuta kwa miguu kwenye kila maegesho, mpaka tarehe 19 Oktoba 2023 alipoanguka kwa kiharusi mlangoni pa gereji, akalazwa siku kumi na mbili, na kila saa ya kutazama wagonjwa alikuwa ananiuliza kwa nusu ya mdomo iliyobaki, je, limeonekana, na tarehe 30 nikamwambia limeonekana, akanitazama akasema, "Dada, umbea unauweza, uongo huuwezi," na kesho yake, Jumanne tarehe 31 Oktoba, saa nne na dakika arobaini asubuhi, akafariki.

Karatasi niliyoiandika juzi haikuwa na habari hizi, ilikuwa ukurasa mmoja safi, nilikusudia siri yake niizike naye, lakini leo saa mbili asubuhi nikiwa jikoni nilisikia mguno unashuka na mtaa wetu, nikatoka na ndoo mkononi, nikaona gari limeleta viti hivi mlivyokalia, jeupe, mlango wa nyuma wa buluu, nikaambiwa ndilo litakalowapeleka kina mama waimbaji makaburini, watu kumi na mmoja, kwa njia ya mteremko wa mtoni, nikaingia ndani nikaandika upya mpaka kalamu ikanitoka mikononi.

Kwa hiyo, dereva, wewe uliyesimama pale na funguo, huna kosa, hakuna anayekulaumu, ila asipande mtu, na wewe mwanangu, futa machozi, chukua jeki ya baba yako, anza na kushoto, maiti itasubiri, yeye angependa isubiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia siku zote kumi na mbili, dereva wa lori la saruji ambaye hatukumuuliza hata jina, majirani mlioacha shughuli zenu, mafundi wenzake wa nyuma ya soko la mbao mliofunga gereji leo, na wateja mliomwamini, ambao najua sasa mnatazama magari yenu kwa jicho jingine, tazameni tu, hakuna ubaya.

Na wewe, mdogo wangu, nimevunja kiapo mbele ya watu wote, utanigombeza tukionana, lakini la kumi na saba limeonekana, na safari hii si uongo, lala sasa, pumzika bila hofu.