Ramani Iliyoshonwa

Benchi letu liko mbele ya kibanda cha Cherehani, fundi wa nguo, na kahawa yetu ni ya birika moja. Mimi wananiita Rubani: nilifagia ndege miaka minne, kwa hiyo mambo ya anga sifundishwi. Asubuhi ile Fundi Viatu alikuja na ujumbe kwenye simu, “Baba, napanda ndege sasa.” Mkewe yuko hospitali, siku zake zimekwisha, anamsubiri huyo binti aliye ng'ambo tu. Je, atafika saa ngapi? Nikachukua uzi wake wa kushonea viatu, nikaupima kwenye ramani ya Cherehani, nikazidisha kichwani, nikatangaza: saa nane mchana, kamili. Akaenda kumwambia mkewe. Sasa ilikuwa saa kumi na nusu, na simu ya binti haipatikani.

— Rubani, ndege yako imepata pancha? akauliza Dereva wa lori.

— Upepo huo. Ukiikabili ndege, inasimama hewani kama kuku aliyeloa.

— Acha uongo! Kule ni juu kabisa ya ramani. Kuja huku ni mteremko mtupu. Mimi mteremko naachia gia, nafika kabla ya mzigo.

— Ndiyo maana wahenga walisema mpanda ngazi hushuka, akadakia Cherehani.

— Hiyo haihusu ndege, nikasema.

— Kwani ndege unaipanda kwa kamba?

— Nyie hamjui, nikawaambia. Ndege haiendi kokote. Inapanda juu, inangoja. Dunia ndiyo inayozunguka, mji wetu unamfuata binti huko huko.

— Basi leo dunia imeharibika, akasema Dereva.

Tukacheka. Fundi Viatu hakucheka. Alikuwa ameuzungusha uzi kidoleni mpaka ncha imevimba.

— Dawa ya maumivu ameikataa, akasema. Inamlaza. Hataki mtoto amkute amelala. Aliniambia, si kitu, baba watoto, ni mpaka saa nane tu.

Nikaweka kikombe chini.

— Lete ramani, nikasema. Tupime upya.

Nikaitandaza mapajani. Kidole kikasafiri juu ya bahari, kikagonga kitu kigumu.

— Cherehani, hii nini?

— Ilichanika hapo katikati. Nikaikunja kidogo, nikaipiga mshono. Mwaka wa nne huu, haijaachia!

— Umekunja kiasi gani?

— Vidole viwili. Ni maji tu hapo, hakai mtu.

Nikaweka vidole viwili juu ya mshono; hesabu yangu ilikuwa imeviruka. Dereva akainamisha birika; yakatoka machicha.

Ndipo akatokea shemeji yake Fundi Viatu, mdogo wa mgonjwa, anahema, kandambili mkononi. Hakutusalimu.

— Shemeji, dada anauliza mtoto amefika wapi. Nimwambie nini?

Fundi Viatu alinigeukia mimi. Dereva naye, na Cherehani naye. Kidole changu kilikuwa bado juu ya mshono.