Dada Yangu, Msimamizi Asiyepiga Kura

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1971, mtaa wa nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa kifungua mimba wa fundi cherehani na mkunga. Mimi ninayesoma wasifu huu ni mdogo wake, kitinda mimba.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1985 na kuhitimu fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, mwaka 1994, akaajiriwa wodi ya watoto. Wauguzi walimwita Mtambaazi, maana aliwapima watoto akiwa sakafuni pamoja nao, na suruali zake zote zilitoboka magotini.

Tarehe 4 Juni 2000 alifunga ndoa na fundi wa viatu vya tiba. Wakati wa kukata keki alimnong'oneza bwana harusi, "Yule mtoto wa gauni la njano anatembelea vidole." Shemeji akamjibu, "Mke wangu, leo hatuna kliniki."

Mwaka 2016 alianza kutengeneza kipimo cha maswali cha kuwatambua mapema watoto wenye matatizo ya mwendo. Mwaka 2018 wataalamu thelathini walipigia kila swali kura ya siri, raundi tatu, na swali lililokosa kura ishirini na nne lilitupwa. Yeye, msimamizi, hakupiga kura. Mimi nilimpa swali moja: mtoto anainukaje kutoka chini asipojua kwamba anatazamwa? Tatizo la mwendo la binti yangu liligunduliwa kwa kuchelewa miaka miwili, kwa sababu mbele ya daktari alikuwa anajikaza. Swali langu lilipata kura ishirini na tatu.

"Dada, kura moja tu! Inakushinda nini?"

"Nikitia mkono wangu humo, hakitakuwa kipimo tena."

Sikumsemesha kwa miaka mitano. Najuta, na ninalisema hilo mbele yenu.

Januari 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Nilikwenda kumuuguza bila kuitwa. Siku moja nikimwogesha, nilimuuliza angepiga kura gani.

"Ya hapana," akasema. "Nilikuwa nimemwona mtoto mmoja tu, wako. Tangu hapo nimeshawatazama arobaini na mmoja wakiinuka bila kujua kwamba wanatazamwa. Nilitaka wafike hamsini, niwaite wataalamu upya, ndipo nije kwako."

Nikaendelea kumsugua mgongo huku nikilia.

Alifariki Jumanne, tarehe 18 Aprili 2023, saa nne asubuhi. Kipimo kinatumika bila swali lile.

Ameacha mume, mama yetu, mimi mdogo wake, binti yangu aliyemwita mama mkubwa, na watoto tisa wa kutimiza hamsini, ambao hakuwahi kuwaona.

Apumzike, na amani iwe yake.