Fundi Kope na Mwezi wa Programu Mpya

Baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya kukaa mbele ya nyuso za watu, Fundi Kope anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, saa kumi jioni. Hiyo ndiyo saa ambayo kila siku huvua miwani, huifuta kwa pindo la shati na kututangazia kwamba picha zilizobaki hazina miguu, zitamsubiri hadi kesho. Safari hii zitakazobaki zitanisubiri mimi.

Mimi ni yule wa meza ya pili, karibu na mlango wa chumba cha nyuma. Nimekaa naye miaka sita, na kwa kuwa ndimi ninayerithi kiti chake, nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu wa kijitabu cha sherehe ya kumuaga. Alipopata habari aliniomba mambo mawili: niandike kwa ufupi, na nisimrembeshe. La pili nitajitahidi.

Aliajiriwa akiwa na miaka ishirini na tisa, kazi yake kusafisha filamu. Studio wakati huo ilikuwa na chumba kimoja cha kupigia, pazia moja la kijivu na kigoda kilichoyumba. Kigoda hicho bado tunacho, bado kinayumba, na yeye ndiye aliyetukataza kukitengeneza, kwa hoja kwamba mteja anayeogopa kuanguka husahau kuiogopa kamera. Miaka ile vumbi lilifutwa kwenye picha kwa brashi nyembamba na wino, nukta moja baada ya nyingine, na wateja walifuata picha zao baada ya wiki. Kompyuta zilipoingia, wenzake wawili waliaga wakatafuta kazi nyingine. Yeye alibaki na kitabu cha maelekezo siku kumi na moja, akabandika plasta za vidonda kwenye vitufe na kuandika juu yake kila kimoja kinafanya nini. Siku ya kumi na mbili akaanza kupokea kazi.

Jina la Kope alipewa na wateja. Kila kundi la watu lina mmoja anayefumba macho flashi inapowaka, na mara nyingi huyo mmoja ndiye mwenye shughuli. Fundi huchukua macho yaliyofumbuka kutoka picha nyingine ya mtu yule yule, akayahamishia kwenye ile iliyotoka vizuri, akayashonea pale kope kwa kope mpaka usijue yalipopita. Watu wametoka mitaa ya mbali kumfuata, wakiwa na bahasha mkononi, wakimwulizia yule bwana wa macho.

Hapa sina budi kueleza habari ya harusi, maana nisipoieleza mimi, dada wa mapokezi ataisimulia ukumbini kwa chumvi zaidi. Mwaka wake wa pili na kompyuta, bwana harusi mmoja alifumba macho katika picha zote za familia. Fundi alitafuta jozi ya kumwazima, akakosa. Akaona macho ya msimamizi wa bwana harusi yanalingana kwa ukubwa, mwanga ni ule ule, akayachukua. Picha ikatoka safi, ikawekwa fremu, ikaenda. Siku ya tatu mama mzazi wa bibi harusi aliingia, akaiweka fremu juu ya kaunta na kusema kwa upole kabisa kwamba mwanawe ameolewa na mtu mmoja, lakini anayemtazama ukutani ni mwingine, na huyo mwingine yeye anamfahamu.

Fundi hakujitetea. Aliwaomba radhi, akaiomba familia nzima irudi Jumamosi na nguo zao za harusi, nao wakarudi, shela na maua na vyote. Bwana harusi akafumba tena. Walikaa saa tatu wakimchekesha mpaka ikapatikana picha moja. Jumatatu yake kikabandikwa juu ya meza ya Fundi kile kikaratasi ambacho sote tumekikuta: "Macho ya mtu mwenyewe, ya siku ile ile. Yakikosekana, muulize mwenyewe. Akikataa, yaache yamefumba." Jina la studio hii limejengwa juu ya mistari hiyo.

Sasa nije kwenye mwezi wa mwisho, ambao naona umetuacha wote tukihema kwa furaha.

Programu tuliyokuwa tukirekebishia picha ina miaka kumi na minne. Inafunguka kwenye kompyuta moja tu, ile tunayoiita Bibi, ambayo imeelekezewa feni ya mezani mchana kutwa huku sisi wanadamu tukijipepea kwa bahasha. Mara mbili huko nyuma mwenye studio, Bi Mkubwa wetu, alipendekeza tuhamie programu mpya, na mara mbili Fundi alikataa. Mara ya kwanza alisema ndiyo kwanza ameizoea hii. Mara ya pili alisema ameizoea mno. Siku ya kwanza ya Juni Bi Mkubwa alituita, akasema hatanunua wala hataacha kununua kwa maneno ya muuzaji. Ataamua Fundi Kope, kabla hajaondoka, kwa sababu yeye ndiye pekee ambaye hatapata faida wala hasara.

Nami nilikuwa na vyote viwili mbele yangu. Msimu wa picha za shule unaanza wiki ya pili ya Julai: shule tatu, wanafunzi elfu mbili na mia nne, na mrekebishaji mmoja. Kwa mkono, nikifungua macho ya mtoto mmoja, Fundi ameshamaliza watano. Tukibaki na programu ya zamani, ningelemewa kabla ya Agosti, na wazazi wangepeleka watoto wao kwingine. Tukichukua mpya, inayofanya kila kitu yenyewe, niliogopa kile kikaratasi kingegeuka pambo la ukutani. Nilikuwa nalala nikiwaza hayo na kuamka nikiwaza hayo. Sikumwambia Fundi, lakini mtu aliyesoma nyuso miaka thelathini hahitaji kuambiwa.

Wote tulijua atakataa. Mpiga picha wetu mkuu hata aliapa kwamba Fundi akikubali, yeye atakikalia kile kigoda siku nzima ya kazi.

Programu ilikuja kwa majaribio, Bi Mkubwa akaleta na kompyuta ya kuibeba. Fundi akatoa kwenye kabati picha kumi na mbili ngumu kuliko zote alizowahi kuzishika: mvua, moshi, shela mbele ya majani, watoto mapacha waliosukumana. Yeye angezirekebisha kwa mkono juu ya Bibi, mimi kwa programu mpya, kisha zitundikwe kwenye korido bila alama yoyote na wafanyakazi wote wapige kura. Alifanya kazi siku nne. Mimi nilimaliza kabla chai yangu haijapoa, nikaona haya kusema, nikajifanya bado nina kazi mpaka mchana.

Siku ya pili ya majaribio hayo alishindwa kuvumilia, akavuta kiti, akaniomba nimwonyeshe nywele. Yeyote aliyewahi kumtenganisha mtu na kilicho nyuma yake anajua kwamba nywele ndizo zinazoua. Fundi alizipa nusu siku, unywele kwa unywele. Nilibofya mara moja. Mama yule wa kwenye picha akabaki peke yake kwenye weupe, na kila unywele wake uliotimuka upo mahali pake.

Alisogeza kiti karibu na skrini. Kisha akasema, "Hebu rudia." Nikarudia. Akasema nirudie tena. Nilirudia mara saba, na kwenye ile ya saba Fundi Kope, mtu wa miaka sitini ambaye hatujawahi kumsikia akipaza sauti, aliruka kutoka kitini, akapandisha miwani kwenye paji la uso na kuita studio nzima ije ione. Walikuja wote, hata mteja aliyekuwa amekaa kwenye kigoda akisubiri kupigwa picha ya kitambulisho. Fundi alikuwa akiwaelekeza kwa kidole, akicheka, akiwaambia kwamba amepoteza miaka kumi ya maisha yake katika nywele za watu. Dada wa mapokezi, ambaye hana jambo linalompita bila kulipiga picha kwa simu yake, alilipiga na hilo.

Kura za koridoni zilitoka sare karibu zote. Picha ya kumi na mbili peke yake ilipata kura za wote kwa upande mmoja: mtoto wa shule aliyekuwa amefumba macho. Moja ilionyesha macho makubwa, yanayong'aa, sawasawa pande zote mbili. Nyingine ilionyesha kope ya kushoto imelala kidogo, kama mtoto ana usingizi. Tuliipigia kura ile ya kwanza. Fundi naye aliitazama kwa muda mrefu, mikono nyuma.

Mama wa usafi alipita na ndoo yake, akasimama. Mtoto yule ni mjukuu wake. Alituambia kwamba huyo tuliyemchagua ni mtoto mzuri kweli, mashallah, ila si wa kwake. Wake ni huyu mwenye kope iliyolala. Amezaliwa nayo, babu yake alikuwa nayo, na mama yake anayo. Akaokota ndoo akaendelea na kazi yake. Korido nzima ilinywea, mimi kuliko wote, maana macho yale mazuri yalikuwa ya programu, na niliyeyafungua ni mimi.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Fundi alirudi kwenye meza yangu, si yake, akakaa. Alipekua programu ile menyu kwa menyu siku mbili nzima, akinung'unika kwamba aliyeitengeneza lazima naye amewahi kuharibu harusi ya mtu. Na siku ya pili, kabla ya chakula cha mchana, alipata alichokitafuta. Ndani kabisa, chini ya mahali ambapo programu inajitungia macho yake, pana sehemu unayoionyesha picha nyingine ya mtu yule yule, nayo ikayachukua macho ya hapo na kuyahamisha. Ni kazi yake yeye, mkono wake yeye, kwa kasi ya kubofya. Akaijaribu kwa picha ya mjukuu wa mama wa usafi. Kope ya kushoto ikalala pale pale inapolala. Bibi yake aliitwa, akaangalia, akapiga vigelegele na ufagio mkononi.

Ripoti ya Fundi kwa Bi Mkubwa ni ya nusu ukurasa. Inasema tuhame. Inasema sehemu ya kujitungia macho izimwe siku ya kwanza, na kila mtoto apigwe picha tatu badala ya moja ili macho ya kuazima yapatikane. Halafu mstari wa mwisho, ambao Bi Mkubwa alinipa niusome mwenyewe: "Niliposema hapana mara mbili nilikuwa najifikiria mimi. Safari hii nimemfikiria anayebaki, na mkono wake ninauamini." Nililia pale pale, na sioni aibu kuliandika. Kigoda kilikaliwa Alhamisi, kuanzia asubuhi hadi jioni, na mpiga picha wetu mkuu bado anatembea kwa tahadhari.

Limebaki jambo moja, la picha iliyo kwenye jalada la kijitabu hiki. Wengi hawajui kwamba Fundi Kope mwenyewe ni mfumba macho sugu. Picha za pamoja za wafanyakazi zipo ukutani kwa miaka thelathini na mmoja, na katika kila moja yeye amekaa mstari wa mbele, macho yamefumba, kama anayetuombea wote. Sisi wengine alitufungua. Yake hakuyagusa hata mara moja. Jumatatu tulimpiga picha rasmi za jalada, kumi na sita, akafumba kumi na sita.

Kumrekebisha lilikuwa jukumu langu, la kwanza kama mrithi. Nilikaa na programu mpya, kidole juu ya kipanya, ile sehemu iliyozimwa ikinitazama. Nilikitazama kikaratasi nikaondoa mkono. Nikaenda kumwuliza mwenyewe, kama kanuni inavyotaka, akakataa, akasema yaache yamefumba. Nilikuwa nimeshakubali shingo upande, pale dada wa mapokezi alipokuja na simu yake, akatafuta, akatafuta, akaniwekea mezani.

Ni ile siku ya nywele. Fundi Kope amesimama, miwani kwenye paji, kidole kinaelekea kwenye kompyuta, mdomo wazi kwa kicheko. Na macho yamefumbuka yote mawili, makubwa, ya kahawia, yenye mikunjo pembeni. Miaka sita nimekaa naye na sikujua kamera inaweza kuyapata. Tulimpelekea mkewe aitazame kwanza. Alisema yeye anayajua macho hayo tangu ujana wao, ila alishakata tamaa kwamba kuna siku studio itayanasa. Akataka nakala mbili.

Ndiyo hiyo mliyoishika. Imekatwa pembeni ili itoshe jalada. Zaidi ya hapo hakuna mkono wala programu iliyoigusa.

Fundi wetu, asante kwa kila uso uliourudisha kwa mwenyewe ukiwa ni wake. Asante kwa kazi uliyonifundisha, na kwa mwezi huu wa mwisho ambao ungeweza kuupitisha ukinywa chai, ukaamua kujifunza upya. Tunakutakia mapumziko mema, afya, na asubuhi nyingi usizoamshwa na saa. Kikaratasi chako hakitabanduliwa. Na siku ukipita hapa kutusalimia, ujue nitakupiga picha tatu.