Benchi Linalotazama Mlango

Benchi lao limeegemea ukuta wa duka la vipuri, na ng'ambo ya barabara, usawa wa macho kabisa, upo mlango wa kijani wa zahanati. Kila Alhamisi asubuhi mlango huo ni wa kliniki ya afya ya akili, na kila Alhamisi kijiwe hujaa mapema. Leo nafasi ya Fundi Suti ilikuwa tupu. Tangu mvua zilipoanza hapati usingizi. Hushona suruali mpaka pindo, kisha huifumua yote.

— Nimemwambia aende kliniki, alisema Betri, mtengeneza redio. Mgonjwa haulizwi uji.

— Kama haulizwi, mbona ulimwambia tu, hukumpeleka? Dobi akamkata.

— Haendi yule, alisema Kinyozi, akipuliza kahawa. Tazama foleni ile, kina mama tu. Mwanamume akilemewa husema ana malaria.

— Siyo uanaume, Kinyozi, ni ndoa, alisema Dobi. Mwenye mke huburutwa. Kapera husubiri polisi wamlete.

— Mbona Fundi ana mke?

— Ana mke mpole. Huyo hahesabiki.

— Na wenye pesa, Dobi? Umeshamwona hata mmoja pale?

— Hao hupanda teksi wakaumwe mji wa pili.

— Mimi nasema mlango wenyewe unachagua, alisema Betri. Kijani humwita aliyekwisha kupona nusu.

— Basi tuupake nyekundu, uwaite na waliozidiwa!

Walicheka, kisha Kinyozi akanyoosha shingo.

— He! Yule pale mlangoni si mwalimu wa darasa la pili?

— Ndiye. Tangu afiwe nilijua tu.

— Na watoto wetu anafundisha!

Wote watatu wakageuka kumtazama. Ndipo waliposikia mtu akikohoa kando yao: mke wa Fundi, akiwa peke yake.

— Karibu, shemeji. Kahawa bado ipo. Fundi yuko wapi?

— Amerudi nyumbani. Alioga, akavaa shati la kutokea, tukafika wote pale kwenye kona. Akawaona.

— Sisi? Dobi akashangaa. Sisi ni ndugu zake, shemeji!

— Ndiyo. Wageni angewapita.

Betri aliweka kikombe chini taratibu.

— Basi niambieni, shemeji zangu, alisema mke wa Fundi. Mlango ni huo mmoja. Apitie wapi msimwone?

Kinyozi aligeuka kuutazama mlango. Ng'ambo, mwalimu alikuwa bado hajaingia. Alisimama akiwapa mgongo, akijifanya anasoma tangazo la chanjo.